Daftari la Wageni

Miaka hamsini na miwili mie ni mtu wa Wete,
na kazi yangu ni gatini: kuhesabu magunia,
kugonga muhuri, kuuliza, "Hili la nani?"
Wageni hushuka wamezishika kofia zao,
huuliza njia ya Ngezi, huuliza Kigomasha,
nami huwaonyesha kwa kalamu, hivi, halafu hivi,
kama mtu aliyekwenda.

Sijakwenda.

Kaja Ruzuna, mtoto wa dada yangu, kutoka Tanga,
begi moja, raba nyekundu, maswali gunia zima.
"Mjomba, mnara una ngazi ngapi?"
Nyingi.
"Na popo wanalalaje?"
Vichwa chini. Hilo nani asiyelijua?
"Umewaona?"
Nikaisogeza sahani ya mihogo upande wake.

Jumapili nikaazima vespa ya Faki, fundi redio.
Konde tukanunua maji na mikate ya ajemi,
kisha lami ikaingia kivulini
na hewa ikawa baridi, kama umefunua mtungi.
Kijana wa maliasili, Shaame, sare imempauka mabegani,
akatangulia na kifimbo, akiitaja miti
kama mwalimu anayeita majina darasani,
na kila mti upo, hakuna mtoro.
Akanyamaza. Akaonyesha juu.
Popo: makoti ya mvua
yaliyotundikwa na watu walioingia ndani
wasitoke tena.
Mmoja akafungua bawa, akajikuna, akafunga,
uso wa rangi ya kutu, macho ya mtu anayedai.
Nikamwamkia. Wallahi nilimwamkia.
Ruzuna akacheka mpaka akakaa chini.

Vumawimbi nikakunja suruali.
Mguu huu umezoea saruji;
mchanga uliupokea kwa mashaka.
Nyayo zake mbele, nyepesi, zimeruka ruka,
zangu nyuma, nzito, zimekandamizwa,
mwandiko wa mtu mzima aliyeanza kusoma juzi.

Mnarani tukamkuta Bi Time.
Mumewe ndiye mlinzi, lakini kaenda kusaga unga.
"Andikeni kwanza, mpande baadaye.
Akianguka mtu tujue tumrudishe wapi."
Daftari lina mistari ya kalamu ya risasi:
Jina. Tarehe. Anakotoka.
Ujerumani, Italia, Ujerumani, Afrika Kusini,
mmoja wa Chile, wino wa kijani.
Nikafunua nyuma, na nyuma zaidi,
si kwa udadisi, ni mazoea ya kazi, mie mkaguzi.
Chake hakuna. Wete hakuna.
Mkoani mmoja, naye kafutwa.

Nikaandika: Wete.
Bi Time akasoma kwa upande wake, herufi zimepinduka.
"Wete hii yetu?"
"Hii hii."
"Basi wewe si mgeni."
Akafikiri, akafunga noti kwenye pindo la kanga.
"Lipa nusu."

Ngazi za chuma zinazunguka, nyembamba,
bega linakwaruza kutu, goti linalalama.
Ruzuna anahesabu kwa sauti; kwenye sitini na kitu
akachanganyikiwa, akaanza upya kwa moja,
kwa hiyo idadi bado hatuijui.

Juu, upepo ulinipekua mifuko.
Bahari pande tatu, na rangi zake
sina majina yake; gatini kwetu maji ni kijivu cha mafuta.
Upande wa nne vilima, mikarafuu, moshi wa mtu mmoja,
kilima nyuma ya kilima.
Nikaitafuta Wete. Haionekani.
Gati halionekani, wala korongo, wala bati la nyumba yangu
nililolipaka rangi nyekundu mwaka jana kwa mkopo.
"Mjomba, kwetu ni kupi?"
Nikanyoosha kidole, hivi,
halafu hivi,
halafu nikakishusha.

Jumatatu akashuka mgeni, kofia mkononi:
Kigomasha ni njia gani?
Nikaiweka kalamu.
Nikaanza na baridi ile baada ya Konde,
nikaja kwenye popo, nikaonyesha anavyojikuna,
nikasimama nimuigize Bi Time,
na nyuma yangu magunia mawili
yakapita bila muhuri.