Jokofu

Neno lenyewe linasema: joko lililokufa.
Mihayo amelifufua.
Kalinunua kwa muuza soda wa stesheni, halina kompresa,
akalitia balbu mbili, sufuria ya maji,
na kipimajoto alichoazima zahanati
na hajakirudisha.
Thelathini na moja unusu, husema, kama anayetaja bei.

Ndani, mayai thelathini na nane ya chatu,
meupe, yanabonyea,
yameshikana kama maandazi yaliyoumuka kupita sinia.

Mama yao yuko chumba cha pili, nyuma ya wavu.
Tulimwita Nyanzala, jina la mtoto wa mwaka wa njaa,
maana tangu atage hajagusa hata panya.
Nilikuwepo siku alipoporwa.
Mihayo alimfunika kichwa kwa gunia,
akayabandua fungu zima, akalitia alama ya kalamu juu
lisije likageuzwa. Likigeuzwa, kilichomo huzama.
Nyanzala akajizungusha palepale,
akalikumbatia duara la saruji.

Isevya nzima inatujua.
Hakuna anayekuja kuazima chumvi.
Muuza maziwa humimina akiwa nje ya geti, kanyoosha mkono.
Babu yake Mihayo alikuwa Myeye, wa ngoma ya nyoka,
chatu shingoni, watu wakipiga vigelegele.
Mjukuu ana daftari.

Jumanne umeme ukakatika.
Thelathini. Ishirini na tisa.
Tukaweka chupa za maji ya moto, blanketi,
khanga zangu mbili, ile ya arusi ikiwemo.
Ishirini na saba.
Alfajiri sikumwuliza. Nilibeba beseni,
nikafungua wavu.
Yeye kashika tochi, ananiita, Kalunde, Kalunde,
polepole, kama unavyomwita mtu aliye juu ya paa.

Nyanzala alionja kwa ulimi yai moja, la pili.
Akajivuta. Akafunga.

Saa nne akatoka,
akaenda kulala kwenye kipande cha jua, chini ya bati lililotoboka,
mweusi kuliko nilivyomzoea,
mpaka akaiva.
Kisha akarudi na joto mwilini
kama mtu aliyekwenda kuazima kaa kwa jirani
na kulikinga kwa kiganja njia nzima.

Umeme ulirudi Alhamisi.
Balbu zikawaka ndani ya jokofu tupu.
Mihayo aliandika 31.5,
akaikata kwa mstari.

Nami nikaingiza humo unga wa maandazi,
uumuke.