Viatu vya Kizingitini

Kocha Mundhir hakutazama mpira.
Alitazama viatu:
kisigino kilicholika upande,
kidole gumba kinachochungulia,
kamba iliyofungwa na mama au na mwenyewe.
"Mtoto hurefuka kuanzia chini," alisema,
"kichwa ndicho cha mwisho kupata habari."

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji,
nyumba kwa nyumba, Sibu, Mawaleh, hadi Barka,
na kila mlango aliandika namba mbili:
ya mita,
na ya kiatu kikubwa kuliko vyote kizingitini.
Akikuta arobaini na saba, anabisha tena.
"Hiki cha nani?"
"Cha kitindamimba. Ana miaka kumi na mitatu,
anakula kama kaficha mtu tumboni."
Mama zetu walimwogopa kuliko bili.

Barka alibisha kwa ajili ya arobaini na nne,
akatoka msichana, Shinuna,
na viatu ni vya kaka yake,
vimejazwa magazeti mbele.
Kocha akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akamwambia aruke.
Hakucheka tena.

Agosti, Al-Khoudh, saa kumi na moja alfajiri:
watoto arobaini na mmoja uwanjani,
chuma cha kapu bado kina joto la jana.
Saa mbili kamili, filimbi. Ndani!
Ukumbi wa shule aliuazima kwa maneno na sahani ya halwa;
kiyoyozi kimoja, kinakohoa,
na Shaji mlinzi anafuta jasho letu sakafuni
asije akavunjika mtoto wa watu.
Wenye klabu walimcheka: mchagua jembe si mkulima.
"Kweli," akajibu, "basi limeni nyinyi,
mimi niacheni na majembe."
Barua alizopeleka Doha na Dubai
zilijibiwa kwa adabu, na kwa ufupi.
Akaanza na mipira tisa. Miwili ilikuwa ya mikono.

Mimi nilivaa thelathini na tisa.
Nilikuja nyuma ya binamu yangu Azzan,
ambaye sasa analipwa Manama kwa kuruka.
Siku moja daftari lilibaki benchini
nikalifungua, nani asingelifungua?
Jina langu, na wino wa buluu:
*Hatafika. Lakini anaona. Asiondoke.*
Sentensi ya kwanza ilinikaa kooni miaka minne.
Ya tatu niliielewa juzi.

Maana sasa mita zinajisoma zenyewe,
zinatuma hesabu hewani, hazibishi hodi,
na Kocha amestaafu, goti moja la chuma,
hana tena kisingizio cha mlango wa mtu.
Mimi ninacho. Napeleka vifurushi.
Jana, Al-Hail, nyumba ya geti la kijani,
katikati ya kandambili na viatu vya shule,
nikaona jozi moja nyeupe kama mashua mbili zilizokwama.
Sikubisha kwanza. Nilipiga picha, nikamtumia.

Dakika kumi. Gari linaunguruma, kifurushi mkononi,
jua linanipiga kisogoni.
Kisha simu ikatetemeka:
"Cha kushoto kimelika ndani. Analinda goti.
Muulize mama yake alianguka lini.
Na kunywa maji."