Tungule

Sokoni Barka, jasho likinichuruzika kisogoni,
Zuweina alisema, "Leo tungule rahisi."
Nami, mwalimu wa Morogoro nisiyejua likizo,
nikamkata kauli: "Nyanya, dada. Tungule si neno."
Akanyamaza. Akazifunga moja moja,
kama aliyeambiwa jina la mamaake limekosewa.

Usiku, kiyoyozi kikikohoa,
nikafungua kamusi kutafuta ushahidi wa ushindi wangu.
Lilikuwa pale, limekaa kitako,
lina mstari wake,
lina wenyewe.

Asubuhi nikarudi. Hotuba niliyoipanga
iliyeyukia njiani.
"Zuweina, nilikosea mimi.
Nipimie tungule, kilo mbili."

Akapima bila kunitazama.
Kisha akadondosha moja juu ya mzani:
"Na hii ya bure," akasema,
"ni nyanya."