Mvukuta

Juu ya karatasi paliandikwa Tokata.
Mimi nikasoma Tokota,
kama maharage yanavyotokota jikoni kwa mama
tangu alfajiri, na saa sita
bado yanagonga sufuria.
Enelisa akacheka. "Ni kugusa," akasema.
"Maana yake kugusa tu."

Jumamosi, Bulongwa. Ukungu umeingia kanisani
bila kuvua kofia.
Nguzo ya umeme imelala tangu juzi
kwenye pareto ya mzee Tweve,
na feni ya kinanda imenyamaza kama mdaiwa.
Ndiyo maana nikaitwa mimi, mvukuta wa zamani,
nyuma ya ukuta wa mbao, penye mpini
uliong'arishwa na viganja vya marehemu watatu.
"Usikaze, usilegeze," akaniagiza, "wala usisikilize.
Ukisikiliza utasahau upepo."

Nikasikiliza.

Mkono mmoja kwanza, peke yake:
sauti ikatoka mbio, ikateleza, ikaporomoka
kama maji yaliyokosa mfereji,
ikakatika.
Kimya.
Nikasikia tone la ukungu likihesabu bati.
Tena, chini zaidi.
Tena, chini ya chini,
mpaka mguu wake ukakanyaga ubao mnene
na sakafu ikaniitikia nyayoni.

Hapo mpini ukawa mzito.
Kila bomba lilipanua kinywa kudai chake,
hata lile ambalo nyigu walilijengea mwaka jana
likakohoa udongo, likaimba.
Babu yangu alikuwa mhunzi. Majembe yake
yalivuka milima hii migongoni mwa watu,
na waliyasifu makali, wakamsifu yeye;
kijana wa mivukuto, mwenye macho mekundu,
sijawahi kusikia jina lake.

Kisha sauti zikaanza kufukuzana.
Moja ikasema neno, ya pili ikalidaka
kabla halijaisha, ya tatu ikalipindua,
kama wanawake wa miteremko miwili
wanaopelekeana habari juu ya bonde
huku mikono ikiendelea kuchuma.
Nikamtafuta aliyeanza. Nikampoteza.
Nikapoteza na mpini.

Kinanda kizima kikalegea, sauti ikainama
kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.
"Upepo!" Enelisa akapiga kelele. "Upepo, we Sanga!"
Nikauangukia mpini kwa kifua.

Sauti ya mwisho hakuiachia.
Vidole kumi na miguu miwili, akaishikilia,
na mimi nikaishikilia kwa nyuma,
hatuonani, jasho langu likiganda shingoni,
mpaka vioo vya madirisha vikaanza kunong'ona.
Akainua mikono.
Mivukuto ikashuka yenyewe, taratibu,
kama ng'ombe anayetafuta pa kulala.

Nyumbani mama akauliza mmepiga wimbo gani.
Mikono ilikuwa ingali inatetemeka.
Maharage hayajaiva, kuni zimepata unyevu.
Nikapiga goti mbele ya mafiga,
nikapuliza.