Toa Ulimi, Babu

Nimezihesabu, Lali.
Si kwa ubaya. Nilikuwa nafua kanzu yako ya Ijumaa,
mkono ukazama mfukoni, ukatoka na tembe nne
zimevimba maji, zimeshikana na risiti ya iliki.
Nikaketi ngazini, beseni mapajani,
kisha nikaanza kupekua
kama mke anayetafuta barua za mke mwenza.

Kwenye zidaka, nyuma ya bilauri za mamangu: saba.
Ndani ya kiatu cha Idi: mbili.
Katika kopo la buni, zikinukia kahawa: kumi na moja.
Na nusu nusu, sikuzihesabu,
zimekatwa kwa kisu chako cha lozi, zimenyooka;
mtu wa kazi yako hakati ovyo.

Daktari aliandika moja asubuhi, moja usiku, pamoja na chakula.
Hakuandika "ukijisikia".
Hakuandika "bei ikishuka".

Jioni nikazipanga kwenye sinia, nikakuandalia
kama mgeni anavyoandaliwa. Hukuuliza ni nini.
Ulisema, "Mwanahalima ana karo ya muhula."
Ulisema, "Nusu nayo ni dawa."
Ulisema, "Na mimi mzima. Jana nimekoroga saa nne sikuketi."

Mzima! Na kuamka mara tano usiku, ukipapasa ukuta?
Na kidonda cha kisigino, tangu Mfungo Sita hakijafunga?
Bunu nduguyo naye alikuwa mzima.
Mzima, mpaka walipomvusha Mokowe
akarudi na haja ya kiatu kimoja.

Nilitaka kupiga kelele. Macho yakaangukia kikombe chako.
Chai yako ni mimi niitiaye.
Miezi minane nakwambia haina sukari,
nami natia kijiko, kidogo, cha huruma,
kwa kuwa uso wako ukinywa chai isiyo tamu
huwa wa mtoto aliyenyimwa.
Kumbe tulikuwa wezi wawili, paa moja.

Nikasema. Mbele ya watoto nikasema.
Famau akacheka hadi machozi, kisha akaacha kucheka,
akatoa simu, akapiga hesabu ya dawa za mwezi,
akaigawa: yeye, Somoe aliye Malindi,
na Mwanahalima mwenyewe, atauza kofia anazodarizi.
Ukakataa. Ulikataa vizuri, kwa kiburi cha Kiamu, umesimama wima.
Kisha ukaketi. Kisigino.

Huu mwezi wa tatu.
Nyumba nzima twanywa tangawizi tupu, tumekunja nyuso.
Kule kwenye sufuria la shaba Famau ndiye anayeonja;
wewe walitazama shavu lake linavyotafuna:
"Bado. Ongeza moto."
Na mara nyingi unapatia.

Siku nyingine inakushinda. Juzi arusini kwa kina Shekuwe
nilikuona na kaimati mbili,
ukaniona nakuona,
ukarudisha moja.
Nikageuka nikazungumza na bibi harusi.

Na usiku, ukishamaliza wali wako wa kipimo,
Shamsa, miaka sita, meno mawili hana,
anakuletea maji kwa bilauri ya mamangu, ile nisiyomwazima mtu.
Anangoja koo lipande, lishuke.
"Toa ulimi, Babu."

Nawe, fundi, ambaye mtaa mzima wa Langoni
haukununua halwa mpaka ulimi huo useme imewiva,
unautoa, wote, mbele ya mtoto.
Anauangalia. Anataka na chini yake.
Unauinua.
Anamulika kwa simu ya babake, anachungulia
kama anayetafuta pete kisimani.

"Haya, Babu. Funga."