Shimo Nyuma ya Jiko

Fundi wa maabara, Bwana Wekhuyi, haamini kompyuta.
Anaamini kiganja.
"Loanisha, kanda, viringa juu ya kioo
mpaka upate uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti.
Ukikatikia hapo, umeufikia mpaka wake.
Usipokatika, endelea. Udongo hauna haraka."

Mwekundu wa Kabete ulikatika mapema,
ukaacha kutu katika mistari ya mkono wangu.
Kisha nikafungua mfuko usiokuwa kwenye orodha:
mweusi, kutoka Njiru, nyuma ya jiko la mama.

Niliuchimba Jumamosi kwa sururu ya kuazima.
Mama mlangoni: "Choo kipo. Hilo la nini?"
Nusu mita, weusi.
Mita moja, weusi bado, na vipunje vya chokaa.
Mita mbili kasoro, sururu ikalia kama kengele:
jiwe, lava iliyomwagika ikapoa
kabla maji haya baridi hayajapewa jina na mtu.

Uzi wangu ulikataa kukatika.
Niliuviringa hadi wenzangu wakaenda kula.
Wekhuyi akaja, akauinua, ukaning'inia kidoleni pake.
"Huu mlevi," akasema. "Masika hufura, kiangazi hujikunyata.
Kuna aliyejenga juu yake?"

Yupo. Vyumba viwili,
msingi wa futi moja na nusu; fundi aliapa unatosha.
Kila Februari ufa hushuka kutoka dirishani hadi kona,
kidole changu kinapita.
Kila Mei hujifunga, na mama husema nyumba imepona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mama ameziba miaka tisa,
saruji ya kupima kwa kopo, mkono wake mwenyewe.
Ukuta hauna kosa.
Lakini methali iliishia ukutani, haikuchimba.

Jioni nikamsomea: kipimo cha unyumbufu, arobaini na sita.
"Kwa mia?" Akaacha kusugua sufuria.
"Nerima, umeanguka?"
"Si mimi, mama. Ni udongo."

Akacheka mpaka akashika kiuno.
Nikatafuta neno la kuanzia: mifereji, nguzo, jiwe lile chini, pesa.
Yeye akanyanyua karai la maji ya vyombo,
akayamwaga palepale anapomwaga siku zote,
chini ya ufa.

Ardhi ikanywa. Niliisikia.