Jina Linatazama Chini

Yaya Zihalirwa alikuwa mtu wa lami.
Pikipiki yake haikuwahi kuvuka Panzi.
Jumapili, Nguba hadi Nyawera, Nyawera hadi Nguba,
mbele ya wasichana waliotoka misa ya pili,
na Jumatatu kuifuta kwa shati.
Si kitambaa. Shati, lenye vifungo.

Nilirithi ufunguo. Deni la petroli pia.
Kisha barua ikaja: mwalimu wa hesabu, Kaziba,
kilomita ambazo mvua huzihesabu upya kila mwaka.

Nsimire, fundi wa Kadutu, aliizunguka mara moja,
akaminya tairi kwa kidole gumba.
"Hivi ni viatu vya harusi," akasema.
"Unataka kulimia?"
Nikamwambia sina vingine.

Basi tukaanza kuivua.
Kwanza ile ngozi ya plastiki nyekundu,
skrubu kumi na nne, moja imeshikwa na kutu, ikagoma.
Nsimire akaikata, cheche zikaruka
hadi kwenye beseni la maharagwe la jirani, tukatukanwa.
Kisha madigadi ya mbele, iliyolala juu ya tairi kama kope.
"Tope la Nyangezi likijaa hapa
gurudumu linasimama, wewe unaendelea."
Akaipandisha juu, shubiri nzima.
Ekzosi akaikunja ipite ubavuni,
ipumue juu ya maji.
Ndani ya shoki akasukuma vipande vya bomba,
vidole vitatu kila upande,
isipige magoti mbele ya kila shimo.

Matairi laini ya yaya niliyauza.
Nikanunua yenye meno, mitumba, kutoka ng'ambo ya Rusizi.

Nyuma akaweka sproketi pana, meno hamsini.
"Utapoteza mwendo," akasema. "Utapata mlima."
Nilikaa kimya na spana mkononi.
Miezi yote ile ya hospitali
hakuna aliyetutajia bei wazi namna hiyo.

Likabaki tumbo.
"Injini inataka sahani ya chuma chini.
Mawe ya huko hayabishi hodi."
Pesa ya chuma haikuwapo.
Nikarudi nyumbani, nikaegemeza ngazi,
nikang'oa kibao juu ya mlango wa saluni yake:
ZIHALIRWA. NYWELE NA HESHIMA.
Mama alikuwa barazani anatwanga sombe.
Hakusema neno.
Alisogeza kinu tu, nipite.

Nsimire akasoma, akanitazama.
"Maandishi ndani au nje?"
Ndani yangekaa na joto la injini, salama, yamefichwa.
"Nje," nikasema,
na hadi leo sijui ni nani aliyejibu.

Sasa ni mwezi wa nne.
Ni mbaya, ndefu, mbuzi wa kiangazi.
Kwenye lami inavuma kama nyuki ndani ya debe
na nikipita Nyawera hakuna anayegeuza shingo.
Lakini juzi, lori la bia limelala kiubavu mtelemkoni,
watu thelathini wakingoja chini ya migomba,
mimi nikapita pembeni, gia ya kwanza,
miguu chini, tope hadi gotini,
na jiwe likapiga kule chini: kang!
Nikasema, samahani, yaya.
La pili lilipopiga nilikuwa nimeshasahau kuomba radhi.

Jumamosi naiosha mtoni.
Nailaza kwa ubavu juu ya majani,
natoa tope kwa kijiti, kisha brashi.
NYWELE imekwisha kabisa.
HESHIMA ina mkwaruzo mrefu, lakini ipo.
Murhula wa darasa la tano alikuja na ndoo yake,
akachutama, akafuata herufi kwa kidole:
"ZI... LIRWA.
Mwalimu, hii ni pikipiki ya kampuni gani?"

Nilifikiri kidogo.
"Ya Bukavu," nikasema. "Hawatengenezi tena."

Akatikisa kichwa kama mtu anayejua pikipiki.
Cheni ilikuwa imelegea. Nikampa spana ndogo,
nikamwonyesha nati ya kuanzia.